Herufi ya Milimita Tano

Herufi ya uzi haikubali kushuka chini ya milimita tano. Ukiilazimisha, tumbo la "a" linajaa, "e" na "o" zinakuwa kitu kimoja, na jina la mtu linageuka safu ya madonge. Upo uzi mwembamba zaidi na sindano yake, na kitambaa kikikubali unaweza kufika nne. Lakini kwa mashine ya kawaida, uzi wa kawaida na bei ya mtaani, tano ndiyo sakafu. Naanza na kipimo hiki kwa sababu swali ninalotaka kuuliza lilizaliwa ndani yake: ukilazimika kupunguza, unaruhusiwa kuacha nini nje, na ruhusa hiyo umepewa na nani?

Mimi naandika makala kwa malipo. Malipo ya makala yakichelewa, na huchelewa, natayarisha michoro ya beji kwa karakana moja hapa Tena, huku katikati ya Umoja na Donholm. Hapa kwetu hakuna anayesema kudarizi. Watu husema embroidari, na ukisema kudarizi wanakuuliza kama umetoka Mombasa. Chuo niliacha mwaka wa tatu, karo ilipokataa kabisa kupatikana, nikiwa nasoma falsafa na fasihi. Mathe bado huwaambia watu kwamba nimepumzika kidogo. Kompyuta niliyokuwa nikiandikia tamu pepa ndiyo hii ninayochorea beji.

Kazi yenyewe ni hivi. Mteja anatuma picha kwa WhatsApp, mara nyingi skrinshoti ya skrinshoti, logo imefifia kama sabuni iliyotumika. Mimi naichora upya kwa mistari safi, natoa vivuli, napunguza rangi hadi zile ambazo uzi wake uko kwenye rafu. Halafu naigawa kuwa mishono: mstari mwembamba unapata mshono wa kukimbia, herufi zinapata satini, sehemu pana zinapata mshono wa kujaza. Naamua sindano ianzie wapi, ielekee upande gani, rangi ipi itangulie na ipi ilale juu yake. Mashine haioni picha. Inasoma amri tu: choma hapa, ruka, kata, badilisha uzi. Inachoma mara mia saba kwa dakika bila kujua kama inaandika jina la shule au la marehemu.

Huyu mtu wa katikati, kati ya mchoro na kitambaa, si wa enzi ya kompyuta. Mswisi Isaak Gröbli alibuni mashine ya kudarizi ya schiffli mwaka 1863, na mwanawe akaifanya ijiendeshe kwa kadi zilizotobolewa mwaka 1898. Kabla ya kutoboa, mtu alikaa na kuuchora upya mchoro ukiwa umekuzwa mara sita, akiamua kila mshono. Nguo ikaenda sokoni, mwenye kiwanda akajulikana, aliyechora ua akajulikana pengine. Yule wa katikati, hapana. Na ndiye aliyeamua ua lipoteze petali ngapi.

Jambo la kwanza unalofundishwa katika kazi hii linashangaza. Ukitaka duara kwenye kitambaa, usichore duara. Uzi huvuta. Mishono ikilala kushoto kwenda kulia, kitambaa kinajikunja kuelekea katikati upande huo, na duara lako zuri la kwenye skrini linatoka yai. Kwa hiyo unachora yai la kinyume, lililonenepa upande uzi utakaovuta, ili kitambaa kikishaliminya litoke duara. Yaani ili beji iseme kweli, faili lazima liseme uongo, tena uongo uliopimwa.

Nilipoelezwa hivyo mara ya kwanza nilimkumbuka Plato na vitanda vyake vitatu, katika kitabu cha kumi cha Jamhuri. Kuna kitanda chenyewe, wazo la kitanda. Kuna kitanda cha seremala. Halafu kuna kitanda alichochora mchoraji, ambacho kiko mbali na ukweli kuliko vyote, kwa sababu mchoraji anaiga anachokiona jicho tu. Darasani niliona Plato amewaonea wachoraji. Siku hizi naona hakuwahi kukaa na fundi wa kudarizi. Faili langu haliigi kinachoonekana. Linakosea makusudi ili kitu kingine kipatie. Plato hakuacha nafasi ya kitanda cha aina hiyo.

Lakini kurekebisha ni kitu kimoja na kutoa ni kingine. Yai langu linarudi kuwa duara. Kinachotolewa hakirudi.

Na tunatoa kila siku. Shule inaleta nembo yenye kitabu, mwenge, mlima nyuma, jua nyuma ya mlima, utepe, na kaulimbiu ya Kilatini ambayo hakuna mzazi anayejua maana yake. Beji ya mfuko wa sweta ni sentimita saba. Jua linaondoka kwanza. Halafu kitabu kinapoteza kurasa, kinabaki na mistari miwili. Kaulimbiu inabaki ikiwa ni fupi. Sacco ya matatu inaleta logo yenye gari lenye madirisha manane, linatoka na matatu. (Sare za madereva na makanga ndizo zilizowapa riziki mafundi wengi, tangu sheria za Michuki zilipoanza kutekelezwa Februari 2004 na kila kanga akatakiwa avae rangi ya damu ya mzee.) Kwaya inaleta njiwa mwenye manyoya, anatoka kama bata. Watu wanalipa, wanashukuru, wanaenda.

Bendera ndiyo iliyonisimamisha kidogo. Bendera ya Kenya ina vipimo: mweusi, mwekundu na kijani kila mmoja sehemu sita, na ile mistari miwili myeupe sehemu moja moja. Jumla ishirini. Shuleni tulifundishwa nyeusi ni watu, nyekundu ni damu iliyomwagika kutafuta uhuru, kijani ni ardhi, nyeupe ni amani. Sasa chukua bendera ya kwenye mkono wa shati, urefu wa kwenda juu milimita kumi na tano. Nyeupe inapata robo tatu ya milimita. Uzi mmoja una unene wa karibu milimita 0.4. Hakuna satini inayokaa hapo, inamezwa na nyekundu. Kwa hiyo mwenye kutayarisha ana njia mbili. Aiache nyeupe, na bendera itoke bila amani, kama wengi wanavyofanya na hakuna anayegundua. Au aipanue nyeupe hadi milimita moja, na hiyo nafasi aikate kwa watu, damu na ardhi, kila mmoja abaki na milimita nne na kitu. Mimi hupanua. Ukweli wa vipimo unapotea, lakini kila rangi inabaki mezani. Sikuwahi kuulizwa na mteja yeyote. Sheria ya bendera na nembo za taifa, Sura ya 99, ina mengi ya kusema kuhusu nani anaruhusiwa kuitumia bendera kibiashara. Upana wa uzi si neno lake.

Hayo yote yalikuwa mawazo ya mtu anayesubiri stima irudi. Mpaka alipokuja dada mmoja na orodha.

Ilikuwa miezi kadhaa baada ya Juni 2024. Unakumbuka: tarehe 25 wabunge walipitisha Mswada wa Fedha, vijana wakaingia Bungeni, risasi zikalia, na kesho yake Rais akasema hatautia saini. Tarehe 1 Julai Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, KNCHR, ilisema waliokufa ni 39. Baadaye hesabu ya tume hiyo ikafika 60. Huyu dada na wenzake, mbogi ya watu ishirini na wawili, wengine wa hapa Tena, wengine wa Umoja na Kayole, walitaka beji ya duara ya sentimita tisa, ya kushona kwenye jaketi. Juu, bendera ndogo. Chini yake, majina. Orodha yao waliikusanya wenyewe kutoka magazetini na mitandaoni. Ilikuwa na majina arobaini na matatu.

"Yote?" nikamuuliza.

"Yote. Ndiyo maana tumekuja kwa uzi. Karatasi zilichanika siku ileile."

Piga hesabu nami. Herufi milimita tano, nafasi kati ya mistari milimita mbili, kila jina linakula saba. Majina arobaini na matatu ni milimita 301, sentimita thelathini. Yeye ana sentimita tisa, toa ukingo, toa bendera, na duara linabana juu na chini. Safu mbili hazikai kwa sababu jina la kwanza na la pili pamoja lina herufi kumi na nne hivi, sentimita tano. Nikamwambia nikijibana sana naweza kumpa majina kumi.

Akanyamaza. Halafu akasema lile neno ambalo mtu yeyote angelisema. "Basi weka wale wanaojulikana."

Sitaki msomaji amhukumu. Ni jawabu la kawaida, na lina mantiki yake: beji ni ya kusomwa na wapita njia, na mpita njia analitambua jina aliloliona mtandaoni, si jina ambalo halikuwahi kutrendi. Lakini tazama kinachotokea. Kujulikana kwa marehemu kulitegemea nini? Kama kulikuwa na kamera karibu. Kama alikuwa na picha nzuri kwenye simu. Kama alianguka katikati ya mji au kwenye uchochoro wa mtaa ambao mwandishi hafiki. Kama familia ilikuwa na mtu anayejua kuongea na vyombo vya habari. Hakuna hata kimoja hapo kinachohusu thamani ya mtu. Tukichagua kwa umaarufu, beji inachukua ajali ya kamera na kuifanya cheo.

Fundi, ambaye mashine ni yake na umri wake ni mara mbili yangu na zaidi, alikuwa akisikiliza huku akibadilisha uzi. Akasema, "Wewe unajisumbua. Kila siku tunatoa jua kwa beji ya shule na hujawahi kulia."

Ni hoja nzuri kuliko anavyojua. Kama kutoa ni kosa, nimekuwa mkosaji tangu siku ya kwanza, na kama si kosa, kuna ubaya gani hapa? Nilimzungusha Plato kichwani hakunisaidia. Kilichonisaidia ni lile jua lenyewe. Jua la shule likitoka kwenye beji, bado liko kwenye geti la shule, liko kwenye barua, kwenye kitambulisho, kwenye basi. Beji ya mfukoni ni kidole tu kinachoelekeza kwenye kitu kilichosimama kwingine, kamili. Kidole hakihitaji kuwa na maelezo yote. Nenda bustani ya kumbukumbu ya tarehe 7 Agosti, pale Moi Avenue inapokutana na Haile Selassie. Kuna ukuta wenye majina ya waliouawa Nairobi katika shambulio la ubalozi wa Marekani mwaka 1998, watu 213. Ukitengeneza beji leo yenye maneno "7 Agosti" tu, hujamwacha mtu nje. Ukuta unawashika.

Hawa wa 2024 hawajajengewa ukuta kama huo. Orodha ya dada huyu ilikuwa kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Kwa maana hiyo beji haikuwa kidole. Kwa wale watu ishirini na wawili ilikuwa ndiyo ukuta wenyewe, na ukitoa jina kwenye ukuta, hakuna geti la kulirudishia.

Basi tukaanza kutafuta. Fundi alipendekeza nambari. Andika 60, kubwa, uzi mwekundu, sentimita tatu kwenda juu, inasomeka ng'ambo ya barabara. Nambari ina uadilifu wake: ndani yake hakuna maarufu na asiye maarufu, kila mtu ni moja. Na inawabeba hata wale kumi na saba ambao KNCHR iliwahesabu na orodha ya dada haikuwa nao. Hili si dogo. Majina yanawatupa nje wasio na majina, nambari haiwatupi. Lakini nambari inazeeka. Beji iliyoshonwa kwa hesabu ya tarehe 1 Julai ingesema 39, na leo ingekuwa inasema uongo kifuani mwa mtu. Na nikiwa mkweli, ubaya wa nambari si kuzeeka peke yake. Hakuna mama aliyefiwa na moja ya sitini. Serikali yoyote inaweza kubishana na nambari kwa nambari nyingine, lakini jina lina nyumba, lina plot, lina caretaker anayejua alikuwa anadaiwa kodi.

Mimi nikapendekeza kura. Tutoe majina kumi kwa bahati nasibu, hivyo hakuna aliyependelewa. Dada alikataa haraka kuliko nilivyotarajia, na alikuwa sahihi. Alisema anayeitazama beji hataiona kura. Ataona majina kumi na ukingo umezunguka, ataamini waliokufa ni kumi.

Hapo ndipo nilipoelewa kitu kuhusu ukingo. Beji ikishamalizika kushonwa katikati, pembeni inazungushiwa uzi mnene ili kitambaa kisifumuke. Ukingo ndio unaoifanya ionekane kitu kilichokamilika. Sasa naamini kupunguza si uongo. Uongo ni kupunguza halafu ukafunga ukingo kana kwamba hakuna kilichobaki nje. Kura ingekuwa haki kwa marehemu na uongo kwa mtazamaji, na sijui kama haki ya namna hiyo inafaa chochote.

Kulikuwa na njia ya alama. Mijikenda, hasa Wagiriama, huwasimamishia vigango wanachama wa Gohu waliofariki: ubao mrefu, kichwa cha mviringo, pembetatu zimechongwa mwilini. Kigango hakina sura ya marehemu wala jina lake, na bado ni yeye, kiasi kwamba vilipoibwa na kuuzwa hadi makumbusho za Marekani, watu wa Kaya walisema wameibiwa jamaa zao, si mbao. Baadhi vimerudishwa. Nikasema, tushone alama arobaini na tatu ndogo, au sitini, kila moja mtu. Zinakaa vizuri kabisa kwenye sentimita tisa. Lakini kigango kinasimama mahali ambapo kila mtu anajua ni cha nani. Kikihamishwa kinanyamaza, na ndiyo maana wanunuzi waliweza kukitundika sebuleni bila kusikia kitu. Beji ni kitu cha kuhama. Inapanda matatu. Nukta zangu zingekuwa urembo kabla ya kufika Mutindwa.

Njia iliyobaki ilitoka kwa mfano wa mbali. Mwaka 1987 Wamarekani waliofiwa na wapenzi na watoto kwa UKIMWI walishona blanketi la viraka, kila kiraka futi tatu kwa sita, ukubwa wa kaburi, kila kimoja na jina. Oktoba mwaka huo walilitandaza Washington likiwa na viraka 1,920. Hakuna aliyejaribu kuweka wote kwenye kitambaa kimoja. Waligawa, na ukubwa ukatokana na kukutana.

Watu ishirini na wawili, majina arobaini na matatu. Ishirini na mmoja wabebe mawili mawili, mmoja abebe moja. Kwa majina mawili herufi hazina haja ya kubanwa, zinafika milimita saba, zinapumua. Na hakuna beji inayoweza kudai kuwa kamili, kwa sababu ukiiona moja unajua kuna nyingine: majina mawili hayawezi kuwa wote. Dada aliipenda. Fundi akaona shida papo hapo: mafaili ishirini na mawili badala ya moja, na kazi ya kupanga herufi ni ya nani? Ni yangu. Tukakubaliana bei yangu, sitaitaja hapa.

Lakini fundi alikuwa na maswali mawili ya kweli, na sitaki kuyaruka kwa sababu njia ilikuwa imepatikana.

La kwanza lilikuwa hofu. Msimu ule vijana walikuwa wakichukuliwa na magari yasiyo na namba, wengine warudi, wengine familia zizunguke vituo vya polisi na mochari. "Hii ikinaswa," akasema, "wewe utazima kompyuta. Mashine yangu haizimiki. Iko hapa, ina mkopo." Nilitaka kumwambia kuwa kuandika jina la aliyekufa si kosa la jinai, na si kosa. Lakini ni rahisi kuwa jasiri na mashine ya mtu mwingine. Watu wa falsafa tunapenda kuuliza mtu afanye nini, tunasahau kuuliza gharama iko kwa jina la nani. Nilimwambia akikataa nitamwelewa. Alikaa siku mbili. Aliporudi hakutoa hotuba, alisema tu kazi ifanywe usiku na vipande vilivyoharibika vichomwe.

La pili alimuuliza dada moja kwa moja. "Msichana wangu, hawa wenyewe wamewauliza? Mama ya huyu anajua jina la mtoto wake litavaliwa na mtu hamjui? Na ukivaa hii Ijumaa ukaenda kulewa?"

Dada alijibu kwamba walikufa hadharani kwa ajili ya wote, kwa hiyo ni wa wote. Mimi sikubaliani naye, na nilimwambia. Mtu hageuki mali ya umma kwa kuuawa barabarani. Kifo chake ndicho cha umma, kwa maana kwamba kila raia ana haki ya kuuliza nani alifyatua. Jina ni jambo jingine, lilitolewa nyumbani, mara nyingi ni la babu au nyanya. Lakini pia, tukisubiri ruhusa ya kila familia, ambao familia zao zina hofu hawatatajwa kamwe, na hofu hiyo ndiyo anayoitaka aliyefyatua. Sikupata jibu safi. Tulichokubaliana ni kitu kidogo: waanze na simu. Kila atakayebeba jina atafute mtu mmoja aliyemjua marehemu, ndugu, jirani, mwanafunzi mwenzake, amwambie. Asiombe ruhusa, kwa sababu si kila mtu ana uwezo wa kuitoa. Amwambie tu kuwa jina liko hapa, na mvaaji ni mimi, na akikasirika amsikilize.

Simu hizo zilileta faida ambayo sikuitarajia. Majina manne yalikuwa na makosa ya herufi. Gazeti moja liliandika hivi, mtandao vile, na wote walikuwa wamekosea. Kwenye karatasi unafuta. Kwenye kitambaa ukifumua uzi, matundu ya sindano yanabaki, na jina sahihi linaketi juu ya kivuli cha jina lisilo sahihi. Jirani wa mmoja wao alichukua nusu saa kueleza kwa nini "y" yake ilikuwa mwisho na si katikati. Familia moja ilisema hapana. Yule aliyekuwa amepangiwa jina hilo alilitoa, na hakuna aliyebishana naye.

Yakabaki arobaini na mawili, kwa hiyo watu wawili wakawa na jina moja moja. Dada alitaka nafasi iliyo chini yake ijazwe, pengine nyota, pengine bendera ishuke katikati. Nilikataa kwa sababu za kawaida kabisa za uchoraji, kwamba mpangilio uwe mmoja kwa zote. Halafu nikafikiria wale wengine wa hesabu ya KNCHR ambao hatukuwa na majina yao, nikafurahi kwamba nafasi ipo, ingawa sikumwambia mtu. Twili nyeusi, haina kitu, milimita saba kwenda juu.

Zilishonwa usiku tatu, stima ikikatika mara mbili. Nyeupe ya bendera niliipanua kama kawaida. Asubuhi ya mwisho dada alikuja na pesa taslimu kwenye bahasha, akazihesabu beji moja moja juu ya meza ya kukatia, akitamka majina kwa sauti ya chini. Karakana hutoza kwa idadi ya mishono, na alikuwa amelijua hilo. Akazinyanyua zile mbili zenye jina moja, akamuuliza fundi kama bei yake itakuwa chini kidogo.

Fundi akatazama kompyuta, akasoma idadi, akamrudishia shilingi sitini kwa kila moja.